Mwenzi Wako Akiwa Rumande

Katika ukurasa huu tunazungumza juu ya mambo yanayoitikisa nyumba: ulevi, fedha, wakwe, na ukimya kati ya mume na mke. Leo tunagusa jambo ambalo wengi hawapendi kulitaja hata mbele ya marafiki. Ni ile siku mwenzi wako asiporudi nyumbani, kisha ukaja kuambiwa kwamba amekamatwa.

Hebu tuanze na kisa cha mama mmoja. Mumewe alikuwa mwuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi. Jumatano moja jioni hakurudi. Simu yake ilikuwa imezimwa. Siku hizo wawili hao walikuwa wamekosana kwa sababu ya karo ya watoto, na mama akakata shauri moyoni kwamba mume amekwenda kwa mwanamke mwingine. Alhamisi ikapita. Ijumaa akazikusanya nguo za mumewe, akazitia katika mfuko na kuzipeleka kwa shemeji yake. Jumamosi kijana wa bodaboda akamwuliza, "Mama, kwani hukuambiwa? Baba watoto alichukuliwa na polisi pale dukani. Wanasema kuna pesa zilizopotea."

Hapo aibu ikaja juu ya hasira, na mama hakwenda. Majirani watasema nini? Wanajumuiya watasema nini? Hakujua kwamba mumewe alikuwa amekwisha kufikishwa kortini siku ya Alhamisi, akakana mashtaka, na hakimu akakubali atoke kwa dhamana ya shilingi 20,000. Pesa hizo zingepatikana. Mama alikuwa na akiba yake katika chama, na shemeji angeuza mbuzi. Lakini hapakuwa na mtu wa nyumbani kortini wa kusikia maneno ya hakimu. Mume alimwomba askari ampigie mkewe simu, ila namba ya mkewe ilikuwa ndani ya simu iliyowekwa na polisi, wala hakuijua kwa kichwa. Akakaa rumande majuma matano.

Kisa hiki kinatufundisha jambo moja, nalo ndilo somo letu la leo: mwenzi wako akikamatwa, nenda kwanza. Hasira yako ina haki yake, na maswali yako yana siku yake. Lakini siku za kwanza zikipotea, hasara yake huwa ya nyumba nzima.

Kumtafuta

Mwanzo wa safari ni kituo cha polisi kilicho karibu na mahali alipokamatwa au alipoonekana mara ya mwisho. Kituo kidogo kisicho na seli humpeleka mtu kwenye kituo kikubwa, kwa hiyo usikate tamaa ukiambiwa kwamba hayupo. Uliza watu wa kituo hicho huwapeleka wapi. Kama waliomkamata ni askari wa kaunti, wale tunaowaita kanjo, waulize wamemkabidhi kwa kituo gani cha polisi au wamempeleka korti ipi. Serikali za kaunti zilianza kazi mwaka 2013, lakini polisi na magereza yamebaki chini ya serikali ya kitaifa. Gereza halitafutwi katika ofisi za gavana.

Chukua kitambulisho chako, majina kamili ya mwenzi wako kama yalivyo katika kitambulisho chake, namba yake ya kitambulisho kama unayo, na picha yake. Chukua pia daftari na kalamu. Ukifika kwenye kaunta, salimia kwa heshima: "Habari ya kazi, afande. Namtafuta mume wangu." Kisha uliza maswali haya, ukiandika kila jibu:

1. Je, yuko hapa? Kama alihamishwa, amepelekwa wapi na lini?
2. Namba ya OB ni ipi? Hiki ndicho kitabu cha matukio ambacho kila kituo huandika habari za waliokamatwa.
3. Anashtakiwa kwa kosa gani?
4. Afisa anayechunguza jambo lake ni nani?
5. Je, anaweza kupewa bondi hapa kituoni? Kama sivyo, atapelekwa korti ipi na siku gani?

Namba ya OB itunze kama unavyotunza risiti ya hospitali. Kila ofisi utakayokwenda baadaye itakuuliza.

Mara nyingi utakubaliwa kumwona kwa muda mfupi na kumpa chakula. Usishangae askari akikuambia ukionje chakula hicho kwanza mbele yake. Ni kawaida, wala si matusi. Simu, mshipi, kamba za viatu na pesa alizokuwa nazo mwenzi wako huwekwa na polisi. Hii ndiyo sababu simu yake haipatikani. Wangapi kati yetu wamesikia simu imezimwa na wakadhani mabaya mengine kabisa!

Kumwona mtu aliyekamatwa hakulipiwi, na bondi ya polisi ambayo si ya pesa taslimu ni ya bure. Ikiwa ni dhamana ya pesa taslimu, dai risiti, kwa maana pesa hizo hurudishwa kesi ikiisha, mradi mshtakiwa amefika kortini kila alipotakiwa. Jihadhari pia na namba ya simu usiyoijua inayosema, "Mimi ni afande fulani, tuma pesa sasa hivi tumwachilie mtu wako." Usitume. Nenda mwenyewe kituoni.

Kama vituo vyote vinasema hawamjui, toa ripoti kwamba amepotea na upewe namba ya OB. Hakuna haja ya kungoja siku tatu. Tafuta hospitalini pia. Ukiwa na sababu ya kuamini kwamba polisi wanaye lakini wanakana, mwone mkuu wa kituo, kisha peleka malalamiko kwa IPOA, ile mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 kuwachunguza polisi. Wakili naye anaweza kuiomba Mahakama Kuu iamuru mtu huyo aletwe mbele yake. Haki hiyo imo katika kifungu cha 51 cha Katiba.

Siku ya korti

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 49, inasema kwamba aliyekamatwa afikishwe kortini mapema iwezekanavyo, na kabla ya saa 24 kupita. Saa hizo zikiisha wakati korti imefungwa, afikishwe siku ya korti inayofuata. Kwa hiyo anayekamatwa Ijumaa jioni kwa kawaida huonekana kortini Jumatatu. Kifungu hicho hicho kinampa haki ya kuambiwa kwa lugha anayoielewa sababu ya kukamatwa kwake, haki ya kunyamaza, na haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao ni wa lazima. Tena kinasema anayeshtakiwa kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, asiwekwe rumande.

Siku hiyo fika mapema asubuhi. Mwulize karani wa korti jina lake litasomwa katika chumba gani, kisha uandike namba ya kesi. Keti, nyamaza, sikiliza. Utasikia mambo matatu: mashtaka, jibu la mwenzi wako, na masharti ya dhamana. Wakati mwingine polisi huiomba korti iwape siku zaidi za kuchunguza kabla ya kumshtaki. Hilo nalo liandike, pamoja na tarehe ya kurudi.

Dhamana ni haki ya kila mshtakiwa, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumnyima. Inaweza kuwa pesa taslimu. Inaweza kuwa bondi yenye mdhamini, yaani mtu anayeweka hati ya shamba, kitabu cha gari au mali nyingine kama ahadi kwamba mshtakiwa atarudi. Kama kiasi ni kikubwa mno, msiende nyumbani kulia. Mshtakiwa au wakili wake anaweza kumwomba hakimu akipunguze, na hakimu akikataa, Mahakama Kuu inaweza kuombwa ilitazame jambo hilo upya. Pengine korti itamtuma afisa wa probesheni kuichunguza familia kabla ya kuamua. Afisa huyo akija kwako, mkaribishe na umwambie kweli. Neno la mke au mume katika taarifa hiyo lina uzito.

Msio na uwezo wa kumlipa wakili, ulizieni ofisi ya Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Katika mashirika ya haki na katika ofisi nyingi za kanisa za haki na amani pia kuna watu waliofunzwa mambo ya sheria, na unaweza kuwaendea bila kuona haya.

Langoni mwa gereza

Asipotoka kwa dhamana, mwenzi wako atapelekwa gerezani kama mahabusu. Jijini Nairobi wanaume wengi hupelekwa kwenye gereza la rumande lililo Industrial Area, na wanawake hupelekwa Lang'ata. Kwingineko, mwulize karani wa korti au askari wa magereza jina la gereza kabla hujaondoka kortini. Hapo utakuwa umejiepusha na safari mbili za bure.

Kumbuka kwamba mahabusu si mfungwa. Bado hajahukumiwa, na kwa sheria huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vingine. Waambie hivyo watoto wako, na ujiambie wewe mwenyewe.

Kila gereza lina siku zake na saa zake za wageni, na lina orodha ya vitu vinavyokubaliwa kuingia. Safari ya kwanza uliza langoni na uandike, ili safari ya pili usibebe chakula cha kurudi nacho. Beba kitambulisho. Taja majina yake kamili na namba ya kesi. Utangoja, utapekuliwa, na simu yako itabaki nje. Kuna canteen ndani, na pesa kidogo za matumizi huwekwa ofisini kwa jina lake. Usizipenyeze mkononi, maana utamtia matatani na wewe utaingia matatani.

Katika magereza mengi mtaongea kati yenu kukiwa na wavu au kioo, pembeni wenzenu wakipaza sauti, na askari akiwa karibu. Muda ni mfupi. Kwa sababu hiyo usizungumze habari za ndani za kesi; hizo ni za wakili, ambaye ana haki ya kuongea naye faraghani. Kabla ya kuondoka nyumbani, andika mambo matatu: neno moja la kesi, kama vile tarehe au mdhamini, neno moja la watoto, na neno moja lenu ninyi wawili. Hilo la tatu ndilo linalosahauliwa, na ndilo atakalolala nalo.

Kwa kawaida mahabusu hurudishwa mbele ya hakimu kila baada ya majuma mawili hivi ili kesi itajwe. Tangu mwaka 2020 korti nyingi hufanya hivyo kwa njia ya video, bila mahabusu kutoka gerezani. Kwa hiyo kabla ya kupanda matatu kwenda kortini, mwulize karani kama ataletwa.

Usiwe hakimu wa pili

Huenda unasema, "Lakini mimi nina hasira. Kuna mambo alinificha." Pengine ni kweli. Pengine kuna deni usilolijua, au marafiki uliomwonya juu yao. Hata hivyo pale kwenye wavu si mahali pa kumsomea mashtaka yako. Hakimu mmoja anamtosha kwa sasa. Mambo yenu yawekeni mpaka mtakapokaa meza moja, na ikiwa yatakuwa mazito, mkae mbele ya wazee au padre mnayemwamini.

Kumtembelea mwenzi wako si kusema kwamba alichofanya ni chema. Hata akipatikana na hatia, mke anayekwenda gerezani hajaiba pamoja na mumewe. Amekwenda kwa sababu siku ya harusi hawakuahidiana siku njema peke yake. Nasi Wakristo tunajua kwamba katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo Bwana anajihesabu pamoja na waliofungwa, na Kanisa linahesabu kuwatembelea miongoni mwa matendo ya huruma. Tumezoea kuyasikia hayo tukiwafikiria watu wa mbali. Siku nyingine mtu huyo ni baba watoto.

Neno kwa akina baba. Mke akiwekwa rumande, ni rahisi mume kumwachia mama mkwe safari ya gerezani na yeye kubaki akisema kazi ni nyingi. Baba, nenda wewe. Kama mnaye mtoto mchanga, sheria inamruhusu mama kukaa naye gerezani mpaka atimize miaka minne. Fikirini pamoja, bila haraka, kama ni heri mtoto awe na mama yake au abaki na nyanya.

Lakini kuna jambo ambalo hatuwezi kulinyamazia. Ikiwa mwenzi wako amekamatwa kwa sababu alikupiga, au alimdhuru mtoto, hulazimiki kumtembelea, wala hulazimiki kutafuta dhamana yake kwa sababu mashemeji wanakushinikiza. Usalama wako na wa watoto huja kwanza, na iko sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani. Tena korti ikiamuru asiongee na mashahidi, nawe ni shahidi, ifuate amri hiyo. Msamaha ni jambo la moyo, nao una wakati wake. Hautaki urudi mahali pa hatari.

Watoto waambiwe nini?

Wazazi wengi husema, "Baba amekwenda safari." Juma la pili mtoto wa jirani anasema kweli yote shuleni, na mtoto wako anajifunza mambo mawili kwa mara moja: kwamba baba yuko ndani, na kwamba mama hudanganya. Ni afadhali maneno machache ya kweli, kadiri ya umri wake. Mtoto mdogo anaweza kuambiwa: "Baba yuko mahali ambapo hawezi kutoka sasa. Watu wazima wanalitazama jambo lake. Anawapenda." Mkubwa anaweza kuelezwa mashtaka ni nini, na kwamba kushtakiwa si kuhukumiwa. Kumpeleka au kutompeleka kuonana na baba yake, amueni ninyi wawili. Mwulize aliye ndani pia, maana bado ni mzazi.

Yule mama

Tulimwacha mama yetu na aibu yake. Juma la tano, shemeji yule yule aliyepelekewa mfuko wa nguo alimjia akasema, "Shemeji, hata kama mna ugomvi, twende tukamwone." Wakaenda. Mume alipomwona nyuma ya wavu, hakuuliza habari za pesa wala za duka. Alisema, "Nilidhani umeniacha." Mama naye akajibu, "Na mimi nilidhani wewe ndiye uliyeniacha." Wakatazamana mpaka askari akasema muda umekwisha.

Siku mbili baadaye dhamana ililipwa. Kesi ilichukua muda mrefu, na ugomvi wa karo haukuisha siku hiyo. Lakini waliumaliza wakiwa nyumbani, na leo kila mmoja anaijua namba ya mwenzake kwa kichwa.

Maswali ya kuzungumza ninyi wawili

1. Je, unaijua namba ya simu ya mwenzi wako bila kuitazama? Jaribuni sasa.
2. Karatasi za nyumba yetu, kama vitambulisho, hati na vitabu vya akiba, ziko wapi? Je, kila mmoja wetu anaweza kuzipata mwenzake akiwa mbali?
3. Mwenzi wangu asiporudi jioni, wazo langu la kwanza juu yake ni lipi? Linaonyesha nini kuhusu ndoa yetu?
4. Je, katika jumuiya yetu ndogo iko nyumba ambayo mmoja wao yuko ndani? Ni nani amekwenda kumsindikiza mama huyo, au baba huyo, hadi langoni?